Hamamu, sauna au stimu: mara ya kwanza uanzie wapi hapa Dar

Wifi yangu anaolewa Desemba na kamati ya kina dada imegawanyika vipande vitatu, wapo wanaotaka tumpeleke hamamu, yani bafu la joto, akasuguliwe, wapo wanaosema twende hotelini tukashinde sauna na juisi, na kuna shangazi mmoja yeye anauliza hela zote hizo za nini wakati mwarobaini upo uani na sufuria ipo. Kwa kuwa kwenye hilo kundi mimi ndo pekee niliyewahi kuingia kote (sio utajiri jamani, umbea tu wa kutaka kujua) wamenitwisha mimi kazi ya kueleza kipi ni kipi, nikaona kuliko kurekodi voisi za dakika tisa tisa bora niandike mara moja kila mtu asome. Na wewe ambae haupo kwenye kamati ila hujawahi kwenda na unaona aibu kuuliza, karibu, soma.

Nianze na swali la kaka zangu maana lazima watauliza tu: mtu wa Dar alipie jasho? Ukipanda daladala ya Mbagala saa nane mchana mwezi wa pili si umeshapata stimu ya bure tena na wenzako sitini. Nusu nakubaliana nao. Ila jasho la daladala linakukaukia kwenye shati na vumbi juu yake, la kule linatoka, linasuguliwa, linamwagiwa maji, afu unarudi nyumbani unalala mpaka watu wanakuja kukutikisa.

Sasa wengi wakitaka kuchagua wanaangalia joto au bei. Mimi nawaambia muangalie vitu viwili tu, nani atakuona na nani atakushika. Joto utalizoea dakika ya tatu na bei utailalamikia siku mbili utasahau, ila kama umekulia nyumba ambayo hata dada yako wa tumbo moja hujawahi kumuona bila kanga, hilo swali la stara ndo litakufanya ufurahie au ukae pale umejikunja kama kamba wa kukaanga unahesabu dakika.

Tofauti ya joto lenyewe

Hii naipitisha haraka. Sauna ni Dodoma, stimu ni Dar. Basi.

Haya ntaongeza kidogo. Sauna ni chumba cha mbao, joto kavu, nyuzi 70 mpaka 100, kuna jiko la mawe pembeni. Ukisikia nyuzi 90 unadhani utaiva, lakini hewa ikiwa kavu jasho linakauka haraka na lile kukauka ndo kunakupoza, ndo maana mtu wa Dodoma anakaa juani anapiga stori na wewe wa Dar ukifika unashangaa mbona jua kali ila hulowi. Stimu ni chumba cha vigae kimejaa mvuke mpaka humuoni wa mbele yako, nyuzi zake ni 40 mpaka 50 tu, nusu ya sauna, ila hewa imeshashiba maji, jasho halina pa kwenda linakutiririkia tu na mwili haupoi, fukuto la Kariakoo kabla mvua haijanyesha zidisha mara tatu. Kwaiyo usidanganyike na namba ya mlangoni. Mimi nyuzi 45 za stimu zilinishinda nikiwa na dakika nane na ile sauna ya nyuzi 80 nilimaliza dakika kumi na mbili nikiwa nacheka.

(Na mkisema stimu mbele ya vijana wa mtaani fafanueni, maana wao stimu wanaijua ile nyingine ya kijiweni.)

Hamamu iko katikati. Joto lake ni la unyevu ila la taratibu, na pale joto ni kibarua tu, kazi yake ni kulainisha ngozi ili dada wa kusugua na glavu yake aje afanye yake.

Hamamu, na ntakaa hapa sana

Watu wanaongea kama hamamu imekuja juzi na spa za Masaki. Wapi. Hapo ng'ambo tu Unguja, Mji Mkongwe, kuna mtaa mzima unaitwa Hamamni kwa sababu ya bafu la umma alilojengesha Sultani Barghash, yule aliyetawala 1870 mpaka 1888. Lilikuwa na vyumba vya joto, maji moto na ya baridi, sehemu ya kunyolea, watu wakalitumia mpaka 1920 hivi, leo ni la kutembelea tu, unaingia unakuta paka na kuta. Na kabla yake baba yake, Sayyid Said, alishajenga ya kwake kule shambani Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe aliyetoka Uajemi, mtoto wa watu hakuweza kuishi bila bafu la kwao. Kwaiyo shangazi akisema hizi ni tabia za kizungu mwambieni kwa heshima kwamba neno lenyewe limo kwenye Kiswahili toka babu zake hawajazaliwa.

Hamamu nyingi za hapa mjini ni za mtindo wa Moroko. Sio lile bafu la umma la watu hamsini, ni chumba chenye joto, watu wawili mpaka wanne, au wewe peke yako na dada wa kusugua. Mimi nlienda na rafiki yangu, tukalipa laki na ishirini kila mmoja na hapo tulikuwa tumebembeleza. Bei zinapanda na kushuka, wikiendi sio sawa na katikati ya wiki, pigeni simu kwanza.

Ilivyokwenda ni hivi. Unapewa loka, unavua kila kitu, unapewa chupi ya karatasi. Hapo ndo moyo ulipodunda. Nlikuwa nimebeba kanga nikajifunga mpaka shingoni, yule dada akaniangalia bila kusema kitu, kwa ile sura ya mtu ameona kanga nyingi maishani mwake. Unaoga maji ya vuguvugu, unaingia kwenye joto dakika kumi, unalainika. Afu anakuja na sabuni nyeusi, hiyo ndo sabuni yenyewe ya Moroko inatengenezwa kwa zeituni, kwa macho ni kama jemu ya tende, wala haitoi povu la maana. Anakupaka mwili mzima, anakuacha tena dakika kadhaa, anakusuuza. Afu anavaa glavu ile ya mikwaruzo.

Jamani.

Mimi ni mtu ninaeoga mara mbili kwa siku, dodoki ninalo, jiwe la miguu ninalo, nimelelewa na mama wa Kitanga ambae kuoga ni ibada. Yule dada alipopitisha glavu mara ya tatu kwenye mkono zikaanza kutoka nongo, nyuzi nyuzi za kijivu kama vile vumbi la raba ukifuta daftari, na zinaendelea, mgongoni ndo usiseme. Rafiki yangu kitanda cha pili anacheka, nikamwambia subiri zamu yako, na zamu yake ilipofika alinyamaza kimya. Dada akatwambia kistaarabu kwamba ni ngozi iliyokufa, kila mtu anayo, hata anaeoga mara tano, kwa sababu haitoki kwa sabuni ya kawaida, inataka kulowekwa kwanza na joto. Ni kweli, nimejaribu nyumbani na glavu hiyohiyo bila joto, hamna kitu, unajichuna bure.

Baada ya hapo unapakwa udongo wa kule kwao wa milima ya Atlas, unasuuzwa kwa ndoo, unapakwa mafuta, unapewa chai ya nanaa. Saa moja na nusu jumla. Na ile aibu nliyoingia nayo sijui iliishia wapi, nadhani kwenye ndoo ya tatu, unamwagiwa maji kichwani na mtu mwingine, mara ya mwisho kufanyiwa hivyo ulikuwa na miaka minne kwenye beseni uani, mwili unakumbuka wenyewe.

Ubaya wake sasa. Ukiwa umenyoa au umefanya waksi siku hiyo au jana yake, glavu ikipita hapo utaita majina ya marehemu, acheni siku mbili tatu. Ukiwa na vidonda, pele, fangasi, usiende, kwa ajili yako na kwa ajili ya wa baada yako. Na hili naliandika kwa upendo, wale wanaotumia mkorogo, ngozi yako imeshakuwa nyembamba, glavu itakuchuna mpaka nyama, kama lazima uende mwambie dada akusugue kwa kitambaa laini na usione haya kumwambia sababu, anajua kabla hujasema. Ukitoka usikae juani siku hiyo. Na glavu hakikisha ni mpya au unabeba yako, mimi siku hizi natembea na yangu kwenye mfuko.

Sauna

Hii kwa Dar utaikuta hotelini na kwenye jimu kubwa kubwa, mara nyingi inakuja na bwawa, kwaiyo unalipia siku nzima. Kwao ni Finland, nchi ya watu milioni 5 na nusu yenye sauna zinazokadiriwa kufika milioni 3, yani wakitaka taifa zima linaweza kukaa sauna kwa wakati mmoja na nafasi ikabaki. Mwaka 2020 UNESCO wakauingiza utamaduni wao wa sauna kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Kule mtu anaingia uchi na familia yake na hamna anaeshtuka, hapa kwetu ni nguo ya kuogelea au taulo, na mara nyingi, sikilizeni vizuri wanakamati, ni chumba kimoja wanawake na wanaume.

Hapo ndo sauna inaponipiga chenga. Hamna anaekushika, sawa, ila unakaa na mbaba usiyemjua kifua wazi goti kwa goti na yeye ndo kwanza anataka kuongelea siasa. Kuna siku niliingia moja hapa hapa mjini, siitaji, kaka mmoja kaingia na simu mkononi anaongea na video. Video! Nikatoka. Kwaiyo swali la kwanza mkipiga simu, kabla ya bei, ulizeni kuna ya wanawake peke yao au kuna masaa ya wanawake, na simu zinaruhusiwa ndani au haziruhusiwi. Kwenye hilo la simu wakijibu "inategemea" mjue zinaruhusiwa.

Swali la pili, jenereta. Sauna zetu nyingi jiko ni la umeme, umeme ukikata mnabaki kwenye kabati la mbao lenye vuguvugu mnaangaliana. Imenitokea, na hela haikurudi.

Faida yake ni kwamba wewe ndo bosi, unaingia dakika kumi, unatoka, unamwagia maji baridi, unapumzika, unarudi, raundi mbili tatu. Benchi la juu ni moto zaidi ya la chini kwa sababu joto linapanda, mgeni kaa chini. Kalia taulo yako sio mbao. Hereni, mkufu, bangili za dhahabu vua kabisa, chuma kinashika moto na utaona alama. Kumwagia maji kwenye mawe muulize kwanza mwenzio aliyemo ndani, na usimwage mafuta ya kunukia moja kwa moja kwenye mawe kama alivyofanya mdada mmoja, yanaweza kushika moto.

Mtasikia pia watu wa spa wanasema sauna inalinda moyo. Kuna utafiti wa Finland uliotoka 2015, walifuatilia wanaume 2,315 wa makamo kwa kama miaka 20, wale wa sauna mara nne mpaka saba kwa wiki walipata vifo vya ghafla vya moyo vichache kuliko wa mara moja kwa wiki. Ni kweli upo. Ila wale ni watu waliozaliwa na sauna nyuma ya nyumba, na mtu mwenye nafasi ya kukaa sauna kila siku huenda maisha yake yameshanyooka kwa mambo mengine, wewe usiache dawa ya presha kwa sababu umelipia jimu. Na hili la "kutoa sumu mwilini" mimi nimeshachoka nalo, jasho ni maji na chumvi, sumu ni kazi ya ini na figo na wao hawalipishi. Kupungua kilo pia, ni maji tu, ukinywa madafu mawili pale Coco zimerudi.

Stimu

Fupi. Ni rahisi kuipata na ndo ya bei ya chini, jimu za Sinza, Mikocheni, Mbezi Beach huko nyingi wanayo, mimi nshalipa elfu ishirini kuingia kwa siku. Wanaitia mkaratusi, pua zinafunguka vizuri sana, mwenye mafua ya ac za ofisini ataipenda. Ila ni unyevu na joto masaa yote, mahali fangasi wanapopapenda kuliko sebuleni kwao, kwaiyo ndala usivue, na kabla hujalipa omba uone chumba: kama kona za vigae ni nyeusi na kuna harufu ya taulo lililosahauliwa kwenye begi, geuza. Kuhusu kuonwa, mvuke unakusitiri, hata kama ni mchanganyiko mnakuwa vivuli tu. Kwa mwenye aibu sana na hataki kushikwa, hii ndo ya kuanzia.

Na ya shangazi je

Sitaki kumdharau shangazi maana ana hoja. Kujifukiza tunajua wote, mwarobaini, mkaratusi, mchaichai, malimao, sufuria inachemka unafunikwa blanketi. Mwaka 2020 wakati wa korona kila uani palikuwa na mtu chini ya blanketi, ugonjwa haikuutibu ila ngozi zilikuwa laini haijapata kutokea. Ukichanganya na singo inakuwa hamamu kamili kasoro risiti: karafuu, liwa, mawaridi, unga wa mchele, asmini, mlangilangi, kila nyumba na mkono wake, somo, yule mama wa kumfunda, anamsugua bibi harusi siku kadhaa mpaka ananukia akiwa bado yuko chumbani.

Sa watu wananambia "nyumbani angalau hamna aibu", nawaangalia tu. Somo si anakuona? Na somo anakujua, anamjua mama yako, atakuona msibani na harusini miaka ishirini ijayo. Yule dada wa hamamu hakujui, hata jina hakumbuki, mmeachana mlangoni. Kila mtu apime mwenyewe aibu ipi ni kubwa. Mimi kwa mtu nisiyemjua navua haraka zaidi.

Hatari ya nyumbani ni sufuria. Mvuke wa blanketi hauna kipimo, maji yanachemka nyuzi 100 katikati ya miguu yako, likipinduka ni hospitali. Weka chini imara, watoto mbali, na usimfunike mtu mwenye pumu ukamwambia avumilie.

Ukipata safari

Shemeji yangu anafata nguo Istanbul, Laleli kule wanakofikia wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, na mwendo mfupi tu kutoka hapo kuna hamamu ya Çemberlitaş iliyojengwa 1584. Hamamu ya Kituruki ni nyingine, katikati kuna jukwaa la marumaru lenye moto kwa chini, mnalala juu yake wengi, mnasuguliwa afu mnafunikwa povu linatoka kwenye mfuko wa kitambaa kama mawingu. Unafungwa kitambaa cha mistari, ukikiona utasema kikoi. Kwa zile za kimila wanaume wanasuguliwa na wanaume na wanawake na wanawake, ila siku hizi kuna za watalii zinachanganya, uliza. Shemeji aliingia na mabegi ya mzigo bado hayajafungwa, akatoka kalainika mpaka bei ya kontena akasahau kubishana.

Japani na Korea kwenye mabafu ni uchi, hamna cha chupi ya karatasi, wanawake kwao wanaume kwao, na Japani unaoga kwanza umekaa kwenye kigoda unajisugua mpaka unang'aa ndo uingie kwenye maji ya moto, nyuzi 40 na kitu, taulo haligusi maji, na ukiwa na tatuu sehemu nyingi hawakuruhusu. Korea baada ya bafu wanakupa fulana na bukta mnakutana ukumbini familia nzima, kuna vyumba vya joto, mnalala chini mnakula mayai ya kuoka. Hungary ni rahisi kwetu, pale Széchenyi Budapest, lipo toka 1913, watu wote wamevaa nguo za kuogelea.

Nani asiende, na habari ya nywele

Mjamzito aulize kwanza kliniki, hasa miezi ya mwanzo, joto kali sio zuri kwa mtoto. Presha ambayo haijatulia, moyo, waulize daktari kabla. Mwenye selimundu awe makini mara mbili, kukaukiwa maji mwilini kunaamsha maumivu na lile la kutoka kwenye moto ukajitosa baridi ndo kabisa asijaribu. Pombe hapana, na nasema hivi kwa wale wanaotaka kuanza na shampeni kwenye sherehe ya wifi, joto na pombe vyote vinashusha presha na kukausha maji, mtu anazimia kwenye vigae vinavyoteleza. Kina baba wanaotafuta mtoto, joto linapunguza mbegu kwa muda, pumzisheni sauna kwanza. Kunyweni maji kabla na baada, kula kitu chepesi masaa mawili kabla, msiende na biriani tumboni. Kichwa kikianza kuwa chepesi unatoka, humalizii dakika, hamna medali.

Nywele. Hili hamna mtu aliniambia. Ukiwa na wigi ya gundi, mvuke unaifungua gundi taratibu na utajua ukiwa mbele za watu. Ukiwa umeblow au umepiga pasi zinarudi zilikotoka ndani ya dakika tano. Wenye dawa zinastahimili kidogo ila zitavimba. Mimi nimeona bora kwenda siku ya mwisho ya mtindo, yani unafumua misuko, unaenda hamamu, wanakuosha na kichwa, kesho yake ndo unaenda saluni. Bibi harusi basi aende siku nne tano kabla, sio jana yake, ngozi ipate muda wa kutulia na nywele zisukwe baada. Kwenye sauna kavu nywele zinakauka, funga taulo lenye maji kichwani, na wenye lenzi za macho vueni.

Sasa kamati

Kama ni kumpa wifi kitu ambacho atakikumbuka, hamamu, na iwe ile inayotupa chumba chetu watu wanne, sio zaidi, wengine mtatukuta kwenye chakula. Wifi ni mtu wa aibu namjua, kwaiyo nashauri wiki mbili kabla nimpeleke stimu ya wanawake pale karibu na kwao, dakika saba tu, azoee joto na azoee kukaa na ndala na taulo mbele ya watu, ikimshinda tumejua mapema na tumepoteza elfu ishirini badala ya laki. Sauna na bwawa naiacha kwa wale shosti zangu wanaotaka picha, nendeni siku yenu, na simu muache loka.

Wale ambao hampo kwenye kamati: mwanaume anaeanza nadhani sauna itamfaa kuliko mimi ilivyonifaa, baba watoto alienda na wenzake wa mpira na wakarudi wameyamaliza matatizo yote ya klabu. Mwenye mgongo wa kukaa ofisini, stimu afu masaji. Mwenye bajeti ya elfu tano, Kariakoo kwenye wauza dawa za asili unapata majani na liwa, na mtu mmoja unaemuamini wa kukusugua mgongo. Anaeogopa kushikwa asilazimishwe hamamu hata kama amelipiwa, nimemuona mtu anatoa machozi pale na sio kwa raha.

Shangazi nimeshampigia. Amekubali hamamu kwa sharti singo atengeneze yeye na dada wa pale aitumie badala ya udongo wao wa Moroko, nimeuliza wamesema tulete tu ila bei haipungui. Hela ya soda ya yule dada msisahau, tuchange pembeni. Tumeshikiwa jumatano saa nne asubuhi, kabla chumba hakijachafuka na kabla umeme haujaanza mambo yake, kila mtu aje na glavu yake, kanga mbili na ndala ambazo hatalia zikiibiwa.